Mwongozo kwa Anayetaka Kufugwa na Mbwa wa Kongo

Kabla hujanunua bakuli, kamba au dawa ya kupe, andaa jibu. Utaulizwa na muuza mkaa, utaulizwa na fundi wa umeme, utaulizwa na shemeji aliyekuja likizo: "Mbona mbwa wenu habweki?" Ukisema ndivyo alivyo, hawaridhiki. Ukinyamaza, watasema amelogwa. Huu ni mwaka wa sita nakaa na Njuga hapa Bukoba, na jibu lililonisaidia kuliko yote ni hili: "Kwao mbwa ana kazi, kelele wameachiwa watu." Wanacheka, kisha wanauliza kwao ni wapi. Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kwao ni Ituri, mashariki mwa Kongo. Alizaliwa katika kijiji kilicho kando ya barabara ya Mambasa kwenda Epulu, akaja huku akiwa na miezi mitano kwa njia ndefu: Beni, mpaka wa Kasindi, Kasese, Mbarara, Masaka, mpaka Mutukula. Alisafiri ndani ya kapu la ukindu, na karatasi yake ya chanjo ilikuwa mfukoni mwangu pamoja na pasipoti. Ni mbwa mdogo, kilo 10 tu, kimo chake begani ni sentimita 40. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea. Miguu yote minne imevaa soksi nyeupe, kifua cheupe, ncha ya mkia nyeupe, na mkia wenyewe umejikunja juu ya kiuno kama pete. Masikio yamesimama wima. Akisikiliza jambo, paji la uso linafanya mikunjo, ungedhani anapiga hesabu ya ada za shule.

Mbwa wa aina yake duniani huitwa basenji. Shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa limemweka katika kundi la tano, kwenye fungu la mbwa wa kale, yaani wale ambao hakuna mtu aliyewafupisha pua wala kuwarefusha manyoya ili wapendeze sebuleni. Walitengenezwa na msitu, kazi na njaa. Hilo likumbuke, maana karibu kila kitakachokushangaza baadaye kinatoka hapo.

Jambo la pili: jifunze kulitamka jina lake bila kumtukana. Basenji ni neno la kwetu. Kwa Kilingala, mbwa na basenji ni mbwa wa watu wa porini, na hilo basenji ni ndugu wa damu wa neno letu washenzi. Tena ni wingi. Mama wa London mwenye mbwa mmoja mwembamba kwenye kochi anawaambia wageni kwamba anafuga washenzi. Huku kwetu wakoloni walimwita kila mbwa wa kienyeji mbwa shenzi, wao wakaondoka na neno likabaki. Mpaka leo ukipita mtaani na mbwa asiye na manyoya marefu utalisikia.

Naomba usilitumie, kwa huyu wala kwa mwingine. Nimewahi kukaa kwenye nyumba zenye mbwa wa vyeti na ukoo ulioandikwa, na sijaona mwenye usafi wa huyu. Anajilamba mwili mzima kama paka, mguu kwa mguu, mpaka katikati ya vidole. Hana harufu ya mbwa. Mgeni akiingia sebuleni anaweza kumaliza chai yake ndipo agundue kwamba kwenye kiti cha pembeni kuna mnyama anayemtazama. Kumwogesha ni mara chache sana kwa mwaka. Kitambaa kibichi na kiganja cha mkono vinatosha kuondoa manyoya yaliyokufa.

Sasa sauti. Asikudanganye mtu kwamba mbwa huyu ni bubu. Koo lake limeumbwa tofauti kidogo na la mbwa wengine, kwa hiyo badala ya kubweka mfululizo anatoa kitu kinachopanda na kushuka, katikati ya kigelegele na mwayo. Njuga hukitoa asubuhi nikifungua mlango wa chumba, na jioni akitambua hatua zangu kwenye changarawe. Kubweka anaweza, mara moja, kwa mkato, kama mtu anayekohoa mkutanoni. Baada ya hapo ananyamaza, na kama hukusikia ni shauri lako.

Halafu kuna ule mlio mwingine. Wiki ya pili baada ya kufika nilimpakata kibarazani nimkate kucha. Mkasi ulikuwa haujagusa kucha. Ulikuwa umegusa unyoya. Njuga alipiga ukelele wa mtoto anayechomwa na maji ya moto, mrefu, wenye machozi ndani yake. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walisema, na mimi niliusikia mshindo huo pajani mwangu. Kabla sijajua la kufanya, migomba ilipasuka na jirani yangu akatokea, bibi wa miaka sabini na kitu, khanga imefungwa nusu, mwiko wa ugali mkononi.

"Mwanangu, unamfanya nini mtoto wa watu?"

"Shikamoo Bibi. Ni mbwa huyu."

"Marahaba. Mbwa?" Akamtazama Njuga, ambaye sasa alikuwa amekaa kimya, uso mkavu, mikunjo yote imerudi mahali pake. "Mbwa gani analia kwa jina la mama yake?"

Tangu siku hiyo kucha tunakata kwa siku nne, mguu mmoja kila siku, na kila kucha inalipwa dagaa mmoja. Bibi hupewa taarifa mapema.

Utakutana pia na wataalamu wasiomjua. Mhudumu mmoja wa mifugo aliyemwona mwezi wa kwanza alimbonyeza koo, akasikiliza, akasema sauti imefungwa, akaandika viuavijasumu vya siku saba. Nilimpa siku mbili kabla sijatia akili na kuuliza kwingine. Jambo lile lilinikera na bado linanikera: mnyama mzima, anakula, anacheza, akatibiwa ukimya wake. Kwa hiyo ukienda kwa daktari, sema mwenyewe tangu mlangoni: huyu ni wa Kongo, habweki, nimemleta kwa jambo hili na hili.

Kimya hicho kina maana yake kazini. Wambuti wa Ituri huwinda kwa nyavu. Kila familia ina wavu wake wa nyuzi za mitambaazi, na wavu huunganishwa na wavu mpaka inakuwa nusu duara kubwa ndani ya msitu. Wanaume wanasimama kwenye nyavu. Wanawake na watoto wanaingia upande wa pili, wanapiga vichaka na kupiga kelele, na wanyama, mboloko na ndugu zake, wanakimbilia kwenye nyavu. Mbwa yuko katikati, kwenye kichaka ambacho mtu haoni hatua tatu mbele. Kwa kuwa habweki, anavishwa kengele ya mti shingoni ili watu wajue yuko wapi na anaelekea wapi. Wazande wa kaskazini nao wana mbwa hawa hawa na kengele hizo hizo. Ndiyo maana nikamwita wangu Njuga, na shingoni nikamfunga njuga moja kweli. Akiwa shambani naisikia inapita mgomba hadi mgomba. Ikinyamaza ghafla, najua ama ameona mjusi, ama anakula kitu ambacho hakutaka nikione.

Fikiria sasa mbwa wa kazi hiyo. Hakuna mtu wa kumwambia geuka kulia, huyu mnyama mwache, yule mfuate. Anapaswa kuona, kuamua na kukimbia, yote kwa pumzi moja. Mbwa anayesimama kungoja amri kwenye kichaka kile, watu wake wanalala njaa.

Mwaka 1994 mwanasaikolojia Stanley Coren alitoa kitabu kilichopanga aina za mbwa kwa akili ya kazi na utii, kutokana na maoni ya waamuzi wa mashindano ya utii wa Amerika Kaskazini. Basenji akashika nafasi ya 78 kati ya 79. Nyuma yake alibaki mbwa wa Kiafghani peke yake, naye pia ni mwindaji wa kale anayejiamulia. Kipimo kikubwa pale kilikuwa mbwa anatii mara ngapi kwa amri ya kwanza, na anahitaji kurudiwa mara ngapi ili ajifunze. Kwa kipimo hicho mshindi ni mbwa wa kuchunga kondoo, ambaye maisha yake yote ni kungoja filimbi ya mchungaji. Sina ugomvi naye. Ila kumpima mwindaji wa Ituri kwa filimbi ya mchungaji ni kumpima mvuvi wa Kemondo kwa kasi ya kulima.

Kwa hiyo kumfundisha kuna njia moja tu: ifanye amri yako iwe na faida kwake, na umwachie sekunde tatu za kufikiri. Nikisema "njoo", Njuga hukaa. Ananitazama. Anatazama barabara. Anatazama mfuko wa kulia wa koti, ambamo dagaa hukaa. Kisha anakuja, kwa mwendo wa mtu aliyekuwa anakuja huko tangu mwanzo. Usirudie amri mara kumi. Atajifunza kwamba tisa za kwanza ni salamu. Usimwite ili umkaripie, hata siku moja, la sivyo neno hilo limekufa. Na fimbo iweke mbali kabisa. Mbwa wa kienyeji anajua fimbo kuliko unavyodhani, na huyu akipigwa hawi mtiifu, anahama. Atakuwa bado anakula kwako, lakini macho yake yatakuwa yamehama. Nimeiona hali hiyo kwa mbwa wa mtu mwingine na sitaki kuiona tena.

Mafunzo yawe mafupi, dakika tatu, na yaishe wakati bado anataka.

Nije kwenye mvua, maana hapa kwetu ndiyo mtihani mkuu. Bukoba ni miongoni mwa sehemu za Tanzania zinazopata mvua nyingi, na mwezi wa Aprili inaweza kuanza saa kumi alfajiri ikaachia mchana. Basenji anachukia maji yanayotoka juu. Njuga husimama kizingitini, ananyoosha mguu mmoja wa mbele, anagusa sakafu ya nje iliyolowa kwa ncha ya kidole, anaurudisha mguu na kuukung'uta, kisha anageuka na kunitazama. Hakuna lawama ndogo kwenye macho hayo. Anaamini kabisa kwamba mimi ndiye niliyefungua bomba. Mwaka wa kwanza nilimsukuma nje. Alikaa chini ya dirisha, akaloa, akatetemeka, akarudi ndani na kukojoa kwenye zulia. Alikuwa amebana kwa saa kumi na mbili.

Dawa yake ilinigharimu mabati mawili na kutwa moja ya fundi: kipenu kilichounganishwa na mlango wa nyuma, chini yake mchanga wa ziwani, upana wa hatua nne. Anatoka, anamaliza haja yake akiwa mkavu, anarudi. Kama unakaa sehemu yenye mvua na huwezi kujenga kipenu, usichukue mbwa huyu. Nasema hivyo kwa ajili yake.

Uzio nao. Watu hupima uzio kwa urefu ambao mbwa anaweza kuruka. Huyu haruki tu, anapanda. Wavu wa waya kwake ni ngazi: mguu huu kwenye tundu hili, ule kwenye tundu lile, yuko juu. Siku moja nilimkuta kwenye mparachichi, kwenye panda ya kwanza, kichwa changu kikiwa chini ya makucha yake, anamwangalia paka wa Bibi aliyekuwa matawi mawili juu yake. Hakuna kati yao aliyekuwa na mpango wa kushuka kwanza. Michongoma iliyofungamana inamzuia kuliko waya, na juu ya waya ukiongeza bati laini lililoinamia ndani anashindwa kupata pa kushika.

Nje ya uzio, kamba, siku zote. Hapa sina mjadala. Mbwa anayewinda kwa macho akiona kitu kinachokimbia, masikio yake yanafunga kazi. Bodaboda inakimbia. Kuku anakimbia. Mtoto anayekimbilia shule anakimbia. Atakuwa upande wa pili wa barabara kabla hujamaliza silabi ya kwanza ya jina lake, na kati yako na yeye kuna Fuso ya ndizi. Tembea naye asubuhi mapema na jioni, kila mara saa nzima kama unaweza. Sisi hushuka mpaka ufukweni wakati mitumbwi inarudi, na wakati wa kurudi ananivuta kupanda kilima.

Usipomtembeza, atajitafutia kazi ndani. Ataanza na kandambili, na atachagua ya mguu mmoja kwa kila jozi. Kisha kona ya godoro, rimoti, daftari la mkopo. Hafanyi kwa ukorofi. Meno yake yanahitaji shughuli na kichwa chake vilevile. Mpe kwato ya ng'ombe kutoka machinjioni, au mfupa mkubwa mbichi. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inapasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Chakula hakina siri kubwa. Mbwa wa kilo 10 anakula kidogo kuliko unavyodhani: asubuhi uji mzito wa dona na dagaa wa ziwani walioondolewa mchanga, jioni ugali kidogo na utumbo au mapafu yaliyochemshwa bila chumvi, siku nyingine yai. Vitunguu vya aina zote mwiko, vinaharibu chembe nyekundu za damu. Mbavu zake zionekane kidogo akikimbia, zisionekane akilala. Mbwa hawa wakinenepa wanapoteza kila kitu kinachowafanya kuwa wao.

Na Novemba, senene. Taa za mtaani zikiwaka na senene wakianza kushuka, watu wote wako nje na ndoo na makopo, watoto wanapiga kelele, na katikati yao mbwa mmoja wa Ituri anaruka wima, miguu yote minne hewani, anamdaka senene kabla hajagusa lami, anatua, anaruka tena. Njuga yake inalia kama ya mchezaji ngoma. Watoto wa mtaa wetu ambao mchana humwogopa mbwa yeyote, usiku huo humwita kwa jina na kumwonyesha walipo wengi.

Si kila mtu atamwita, na hilo uliheshimu. Jirani yetu wa upande wa chini ni Mwislamu mwenye kushika dini, na mate ya mbwa yakigusa nguo yake ana kazi ya kujitoharisha kabla ya swala. Hamchukii Njuga; humuulizia hali tukikutana. Wajibu wangu ni kufupisha kamba tunapopishana, na kuhakikisha mbwa haingii uani kwake hata akimfuata mjusi wa maisha yake.

Chanjo nimeichelewesha hapa makusudi ili niisimulie pamoja na habari za mababu zake, maana mambo hayo mawili hayatengani. Mbwa wa aina hii walionyeshwa Uingereza mwaka 1895, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, watu wakawashangaa, na muda si mrefu wakafa kwa ugonjwa wa distempa. Mwaka 1923 Lady Helen Nutting akawachukua sita kutoka Sudan. Hao nao wakafa wote, baada ya kudungwa chanjo ya distempa ya wakati ule. Ni mpaka Olivia Burn alipowaleta wengine kutoka Kongo miaka ya 1930 ndipo walipoishi, na kwenye Crufts ya mwaka 1937 watu walijazana kuwaona mbwa wasiobweka. Kila nikisoma habari hizo nafikiria wale wa mwanzo: walitoka kwenye msitu wenye chui, wakauawa na ugonjwa wa chumba cha wageni.

Chanjo za leo ni salama, na hakuna kisingizio. Distempa na parvo zianze wiki ya sita hadi ya nane na zirudiwe kama daktari atakavyopanga. Kichaa cha mbwa akitimiza miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kampeni ya halmashauri ikitangazwa, mpeleke na umkumbushe jirani ampeleke wake, hata yule wa kufungwa kwenye mnyororo, kwa kuwa ugonjwa huo huzuiwa kuenea pale asilimia 70 ya mbwa wote wanapochanjwa, wala si mbwa wako peke yake. Mtu aking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo. Kupe mtafute kwa vidole kila jioni, ndani ya masikio na kati ya vidole, maana homa ya kupe inammaliza mbwa mdogo kwa siku chache.

Nikifika kwenye kuzaa, hapa nina neno zito kidogo. Mbwa jike wa kawaida hupata joto mara mbili kwa mwaka. Basenji hupata mara moja. Ukikosa msimu huo, ngoja mwaka. Anabeba mimba siku 63 kama wenzake. Sasa, mbwa waliokwenda Ulaya na Marekani walikuwa wachache mno, na watoto, wajukuu na vilembwe wote wakazaliwa ndani ya ukoo huo mwembamba. Magonjwa yakajikusanya. Mwaka 1987 na 1988 wafugaji wa Marekani wakafunga safari mpaka Zaire, wakazunguka vijijini wakitafuta mbwa wa kuleta damu mpya, wakarudi nao, wakiwemo wenye michirizi kama ya chui milia. Mwaka 1990 chama cha mbwa cha Marekani kikafungua daftari lake la ukoo kuwapokea.

Watu walivuka bahari kuja kuomba msaada kwa mbwa ambao majirani zao hapa waliwaita washenzi. Na wakati huo huo, mjini kwetu, mtu akipata mbwa jike mzuri wa kienyeji anahangaika kumtafutia dume la Kijerumani ili watoto wawe "na mwili". Kama una mbwa mwenye masikio haya na mkia huu, kutoka Ituri, kutoka Uele, kutoka Sudan Kusini, tafadhali mtafutie mwenzake wa kwao. Ukishindwa, mwache asizae. Mbwa wa kulinda geti wapo wengi, na kusema kweli huyu geti hakufai: mwizi atamkuta amesimama, masikio wima, anamchunguza.

Ugonjwa mkubwa uliojikusanya kwenye ule ukoo mwembamba unaitwa Fanconi, na huu ujue hata kama mbwa wako hana cheti. Figo zinashindwa kurudisha mwilini sukari, chumvi na virutubisho vingine. Vyote vinatoka na mkojo. Unaanza mbwa akiwa mtu mzima, mara nyingi kati ya miaka minne na minane. Anakunywa maji mengi, anakojoa sana, anakonda huku anakula. Daktari asiyeujua akiona sukari kwenye mkojo atasema kisukari, lakini ukipima damu, sukari iko sawa. Ukigunduliwa mapema, magadi ya dawa na virutubisho kila siku kwa usimamizi wa daktari vinaweza kumpa mbwa miaka mingi mizuri. Tangu mwaka 2011 kipo kipimo cha moja kwa moja cha vinasaba kinachoonyesha mapema nani anao. Huku kwetu kilicho karibu ni vile vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo vinavyouzwa maduka ya dawa, na wafugaji wa basenji hupima kila mwezi kuanzia mbwa akiwa na miaka mitatu.

Kuupata huo mkojo ndiyo kazi. Nimefunga kikombe cha plastiki kwenye mpini wa ufagio. Mkojo wa kwanza wa alfajiri ndio mzuri, kwa hiyo tunatoka kabla jua halijachomoza, mimi na kandambili mbili zisizofanana, yeye na njuga yake. Anachagua mahali. Anabadili mawazo. Anachagua mgomba mwingine. Akishaanza kuchuchumaa unasogeza kikombe polepole kutoka nyuma bila kumtazama usoni, kwa sababu akihisi anatazamwa anasimama na kuahirisha.

Jumapili iliyopita tulifanikiwa mara ya tatu. Nilichovya kijiti, nikakikung'uta, nikakishika karibu na tochi ya simu na kuhesabu mpaka thelathini. Njuga alikaa pembeni, akanusa kikombe, akanitazama. Rangi haikubadilika. Nilimpa dagaa wawili. Kwenye majani ya mgomba matone ya kwanza yalikuwa yameanza kugonga, na yeye alikuwa ameshafika mlangoni.